Mkwe Anayekufa kwa Ubavu wa Kushoto

Jumanne, 10 Juni

Balaa! Wameisafisha picha upya ile gemu ya zamani ya video, Upanga wa Mvua Tisa, wanaiuza tena. Nimeiona leo kwenye runinga ya dukani, karibu na kituo cha treni hapa Uzumasa. Zamani wale samurai walikuwa na nyuso nyeupe bapa kama vipande vya tofu, bila macho wala pua. Sasa unaona mpaka vinyweleo vya mikono. Nilisimama kwenye mvua bila kufungua mwavuli, nao ninao mkononi.

Niandike ukweli hapa, maana hakuna pengine pa kuuandika. Kwa miaka thelathini kazi yangu ilikuwa kufa. Kwenye studio za filamu za mtaa wetu, shujaa akichomoa upanga lazima awepo wa kukatwa. Nilikuwa mimi. Nimekatwa, nimechomwa mkuki, nimetupwa mtoni mwezi wa Januari. Kwa ajili hiyo Bi Hisano alikataa katakata kunipa binti yake. Alisema hamwozi Tomie kwa mwanamume anayekufa kila siku kabla ya chakula cha mchana.

Ndipo watu wa gemu walipokuja kutuajiri. Walitubandika vidude vya kung'aa mwili mzima, tukapigana kwenye chumba cheupe, kompyuta ikanakili kila tulivyojongea. Nikamwendea Bi Hisano nikamwambia kwamba Sakuzaemon, shujaa wa gemu, ni mwili wangu. Akanipa mke. Miaka ishirini na sita sasa!

Uongo. Mwili wa Sakuzaemon ulikuwa wa Nakabayashi, mwigizaji mwenzangu, siku hizi muuza achari, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mimi nilikuwa maadui. Wote.

Jumatano, 11 Juni

Mama mkwe ana miaka themanini na saba na tunaishi naye. Asubuhi gari la kituo cha wazee humchukua, jioni humrudisha. Leo kashuka garini na habari. Mwuguzi Ogata wa kituoni amenunua gemu hiyo ili kuchangamsha akili za wazee. Jumamosi itachezwa mbele ya wote, na mgeni wa heshima ni mimi. Shujaa mwenyewe! Mama mkwe ameshamwagiza Tomie anipigie pasi suruali.

Nilikimbilia kwa Nakabayashi. Amenitunzia siri miaka yote hii kwa sharti moja. Zamu yake ya kufunika taka za mtaa kwa wavu, ili kunguru wasizichakure, naifanya mimi. Leo anasema sharti limepitwa na wakati. Ameiona gemu mpya. Amejiona. Anasema alikuwa anapendeza mno na ni dhambi watu wasijue. Nikamwongezea zamu ya kuzibua mtaro. Akasema atafikiria, akaendelea kuchovya figili zake.

Alhamisi, 12 Juni

Nimelala vizuri, nikaamka na hoja. Uso wa adui si wangu, uso walichora wao. Changu ni mwili tu. Nani atanijua kwa mwili?

Furaha ilidumu mpaka chakula cha jioni. Nilikuwa nashuka kukaa mkekani. Mkono wa kushoto ukapapasa hewani kama unatafuta miwani. Goti la kulia likagoma. Nikazunguka nusu duara, nikasema "Ooh-hee," nikatua kwa ubavu wa kushoto. Nikaganda hapo hapo. Ndivyo ninavyokufa! Ndivyo nilivyokufa maisha yangu yote, na ndivyo ninavyokaa kula mbele ya mama mkwe kila jioni tangu nimwoe bintiye.

Mbinu ya kwanza ni kubadili kukaa. Nilijaribu tena papo hapo, kwa kulia, kimyakimya, mikono imebana kiunoni. Goti likalia kama kijiti kikavu. Supu ya miso ikamwagika juu ya samaki. Tomie aliniuliza kama nimefunga choo. Mama mkwe alitafuna tu huku akinitazama.

Ijumaa, 13 Juni

Mbinu ya pili. Miwani ya mama mkwe. Asubuhi alipokuwa ananawa niliipaka mafuta ya nywele, kidogo tu, kitaalamu. Hesabu yangu ilikuwa kwamba bibi asiyeona vizuri Jumamosi atashangilia chochote nitakachomwambia ashangilie.

Alilalamika kwamba dunia ina ukungu. Nikamwambia kwa upole kwamba ni umri, Mama, usijisumbue. Kosa! Akamwita Tomie, wakaenda zao duka la miwani. Fundi akasema lenzi zilikuwa chafu, na tena zilikuwa dhaifu. Akamtengenezea nyingine kali zaidi hapo hapo. Saa tisa mama mkwe alirudi nyumbani, akakaa upande wa pili wa chumba, akaniambia nina unywele mweupe unaotoka puani.

Nilikwenda kwa Nakabayashi kwa mara ya mwisho. Nikainamisha kichwa mpaka nikanusa pipa la achari. Akaniahidi kesho hatakanyaga kituoni. Nikamshukuru sana.

Jumamosi, 14 Juni



Wazee ishirini walikuwa wamepangwa mbele ya runinga kubwa kama mlango. Mwuguzi Ogata alinitambulisha. Makofi. Nilikuwa na mbinu ya tatu. Nilisema mgeni atafungua mchezo, nikachukua pedi ya kuchezea, ile yenye vitufe. Nia yangu ilikuwa nimzungushe Sakuzaemon bustanini, aangalie maua, asifike kwenye daraja la maadui mpaka muda wa chai ufike. Lakini vidole vyangu havijui kucheza, vinajua kufa. Nikamtumbukiza shujaa mtoni. Akazama. Nikamtumbukiza tena. Mara ya tatu bibi mmoja aliuliza kama shujaa ana ugonjwa.

Mama mkwe akanyoosha mkono, nikampa pedi. Sikujua kwamba wiki hii amekuwa akifanya mazoezi kituoni. Alivuka bustani bila kutazama maua. Akafika darajani. Maadui kumi na wanne.

Wa kwanza akakatwa. Mkono wa kushoto ukapapasa hewani, nusu duara, "Ooh-hee," ubavu wa kushoto. Wa pili vile vile. Wa tatu vile vile. Wa nne vile vile. Sauti nayo wameisafisha! Kila "Ooh-hee" ilisikika mpaka jikoni.

Mama mkwe akasimamisha mchezo. Nikaanza kueleza haraka kwamba shujaa ndiye aliyewafundisha maadui kuanguka, ni jambo la kawaida kabisa katika fani. Wakati huo huo mlango ukafunguliwa. Nakabayashi, na ndoo, eti analeta achari ya chakula cha mchana! Kabla ya kuingia alivuta suruali juu kwa vidole viwili na kuinua kidevu. Kwenye runinga Sakuzaemon alikuwa amesimama vivyo hivyo, vidole viwili, kidevu juu. Wazee wote walitazama runinga, wakamtazama Nakabayashi, wakanitazama mimi.

Niliona miaka yangu ishirini na sita inaondoka. Niliona begi langu limewekwa barazani. Nikapiga magoti kuomba radhi, na kwa sababu ya goti nikaangukia ubavu wa kushoto. "Ooh-hee."

"Ndiye," alisema yule bibi aliyeulizia ugonjwa.

Mama mkwe alingoja kicheko kiishe. Kisha akaniambia, bila kupandisha sauti, "Mkwe wangu, inuka. Nimejua tangu chakula cha kwanza ulichokula kwangu. Nilikuona unavyokaa. Mtu anayekaa hivyo hajawahi kushinda vita."

Nikamuuliza kwa nini basi aliniozesha.

"Ulipoanguka, Tomie alicheka. Alikuwa na miaka thelathini na mbili na kwangu hakuwa amecheka tangu baba yake afariki. Nikasema huyu aendelee kuanguka hapa hapa."

Nililia. Siandiki kwamba macho yaliniwasha. Nililia mbele ya wazee ishirini na muuza achari. Mama mkwe alinipa kitambaa chake, akageukia runinga, akawamaliza kumi waliobaki. Baadaye wazee wakaomba wajionee kwa macho yao. Nikafa mara saba kwenye zulia la mazoezi, na kila mara walipiga makofi mengi kuliko waliyompigia Nakabayashi.

Njiani kurudi nilimwapia Tomie, aliyekuja kutuchukua, kwamba sitadanganya tena maishani. Alisema sawa, akanifungulia mwavuli.

Jumanne, 17 Juni

Siku tatu za amani. Nakaa nipendavyo. Nakabayashi leo kafunika taka mwenyewe, kunguru wakamshinda, furaha tupu!

Jioni Mwuguzi Ogata alimsindikiza mama mkwe mpaka mlangoni na habari mpya. Amegundua kwamba gemu ina sehemu ya pili. Nayo wanaisafisha, itatoka Novemba, majani ya miti yanapogeuka rangi. Akaniuliza kama niliwahi kushiriki.

Nilishiriki. Hawakupata farasi mtulivu wa kubandika vidude, kwa hiyo farasi wa jenerali tulikuwa watu wawili. Mimi nilikuwa miguu ya nyuma. Nakabayashi alikuwa ya mbele, na nina hakika hilo hatalitangaza.

Nilitaka kusema kweli. Mdomo ulishafunguka kwa ajili hiyo. Lakini Mwuguzi Ogata alikuwa ananitazama kwa heshima, na Tomie alikuwa amesimama na sahani, na jenerali katika sehemu ile anaonekana kwa muda mfupi sana, tena kavaa kofia ya chuma mpaka puani. Nikasema jenerali ni mimi.

Mwuguzi Ogata alifurahi, akasema atawaambia wazee wote. Tomie aliingia jikoni haraka akafunga mlango, nikamsikia anakohoa, au kitu kama hicho. Mama mkwe alivua miwani yake mipya, akaifuta taratibu, akaivaa tena. Aliniuliza yule jenerali alipanda farasi wa namna gani.

Nikamjibu kwamba farasi simkumbuki hata kidogo.