Ripoti ya Beki Namba Nne

Jumamosi, 5 Julai

Nimeamua. Nitakuwa mtafuta vipaji wa hoki ya barafu. Wa kwanza Maskati, nadhani, na bila shaka wa kwanza hapa kwetu Al Khoudh. Sijamwambia mtu. Mambo makubwa huanza kimya, na kwa kukaa kimya mimi sina mpinzani.

Chanzo ni Kocha Hatem. Leo baada ya mazoezi alitukusanya watu wa nyumbani kwa wachezaji. (Kaka yangu Yaarub ni kipa wa akiba, ndiye mwenye gari, na tangu nimalize skuli sina pa kwenda, basi akienda nami nimo.) Kocha akasema kuna chuo cha hoki huko Finland kitamchukua kijana mmoja kutoka timu yetu kwa msimu mzima. Wanataka jina na ripoti: mwili, tabia, ukoo, na kama kuna matumaini ya kuifanya hoki kazi yake ya maisha. Kocha anachukia kuandika. Yeyote anayewatazama vijana kwa makini alete ripoti kabla ya Alhamisi adhuhuri. Atakayechaguliwa ripoti yake atakuwa mtunza takwimu wa timu.

Hadeel, binti wa ami yangu, alinyoosha mkono kabla kocha hajamaliza. Mimi nilinyoosha wangu mpaka kwenye sikio. Kocha akadhani natengeneza shela.

Si kitu. Hadeel atamwandikia Anas, mshambuliaji, anayefunga mabao na kuwapungia watu. Mimi nimemchagua Jaifar. Beki, namba nne, anatoka Al Amerat. Septemba anatimiza ishirini na timu ya vijana itamtoa. Timu ya wakubwa hakuna. Baba yake ameshasema basi, akafanye kazi kwenye duka la matairi la ami yake. Kwa hiyo ni Finland au matairi.

Watu hawamwoni beki. Wanamwona aliyefunga. Mimi namwona tangu Januari.

Jumapili, 6 Julai

Kazi imeanza. Safu ya tatu, daftari, kalamu mbili, jaketi la Yaarub. Nje joto la arubaini na nne, ndani nimekufa ganzi vidole. Jaifar amezuia mapigo kumi na moja, matatu kwa mguu. Anarudi kinyumenyume haraka kuliko wengine wanavyokwenda mbele. Haangalii watu jukwaani hata mara moja. Dosari: akimwangusha mtu humpa mkono na kumuuliza kama ameumia. Finland sijui watasemaje.

Hadeel alikaa mbele na simu yake, akamwambia mwenzake kwa sauti ya kunifikia mimi kwamba siku hizi kuna watu wanakuja kuhesabu barafu.

Jaifar alipopita karibu na kioo niliangusha kalamu, nikaingia chini ya kiti, nikakaa huko mpaka alipoondoka. Kasi yake katika dakika hizo sikuipima.

Tatizo ni fomu ya Finland tuliyopewa na kocha. Wanauliza urefu wa wazazi. Maradhi ya ukoo. Chakula, usingizi, hasira. Nitamuuliza nani? Kumsemesha mwenyewe siwezi. Kumsemesha kocha siwezi. Yaarub akiulizwa jambo hulitangaza.

Jioni nikapata jibu: Bibi! Bibi Muhsina anajua kila mama kuanzia Sidab mpaka Al Amerat, na asiyemjua anamjua aliyemzaa. Nikamwandikia maswali kwa herufi kubwa. Nikamwambia kuna kijana nataka ajulikane sawasawa, kwa ajili ya mustakbali. Habari ya hoki sikuitaja, Bibi anaamini barafu huingia kifuani.

Alivaa miwani akasoma yote. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema sijawahi kuwa na hakika namna hii. Akauliza nimeanza kumtazama lini. Januari. Akauliza kama mwenyewe anajua. Nikasema hasha, asijue kabisa, akijua ataharibu. Bibi akavua miwani akaifuta, akasema alhamdulillahi, kumbe adabu bado ipo.

Sikutegemea kwamba angeuelewa utafutaji wa vipaji upesi hivyo.

Jumatatu, 7 Julai

Ushindi! Bibi amezungumza na Bi Aliya, mama yake Jaifar, saa nzima na robo. Nusu saa ya kwanza ilikwenda kutafuta udugu. Wakaupata: bibi zao walikuwa majirani Wete na walinyonyeshana watoto. Baada ya hapo majibu yalimiminika.

Baba ni mrefu, hupita mlangoni ameinama. Wajomba vilevile. Sukari ipo kwa shangazi mmoja, lakini huyo ni mlaji wa halwa. Jaifar mwenyewe aliwahi kuvunjika mkono akiwa na miaka tisa, ukaunga vizuri. Meno kamili. Anakula kinachowekwa. Anaamka alfajiri bila kuamshwa. Hanyanyui sauti.

Bibi akaongeza na swali lake mwenyewe: kijana ana ahadi popote? Sikulifikiria hata mimi! Ni kweli, huenda timu nyingine imeshamsemesha. Nimeandika: "Hana ahadi popote. Chanzo: mama."

Nikamwomba Bibi aulize pia kama yuko tayari kuhama kwao. Bi Aliya akasema kama ndiyo sharti basi ataishi tutakapotaka. Nimeweka alama ya ndiyo.

Hadeel ametengeneza video ya Anas yenye muziki. Video haina sukari ya shangazi.

Jumanne, 8 Julai

Pigo. Jaifar amecheza vibaya. Mtu ambaye hajawahi kutazama jukwaani leo ametazama mara tisa. Mara ya sita akagonga goli. Anas akampita mara mbili kama anaingia kwao. Wenzake walikuwa wakimsukuma na kucheka, na masikio yake yalikuwa mekundu. Baridi, labda. Nimeandika: "Utulivu umeshuka ghafla. Uchunguzi unaendelea."

Ndani ya gari, kwenye daraja la pili, Yaarub akauliza kama kuna jambo nataka kumwambia. Nikasema nipo kazini. Akasema Jaifar leo amembebea begi, amemletea maji, amemwita kaka, na wamezaliwa mwaka mmoja. Nimeandika: "Anawajali wachezaji wa akiba. Ana sifa za nahodha."

Nyumbani Mama anasugua vikombe vya wageni. Bibi akaniambia Bi Aliya na jamaa zake watakuja kutusalimia Alhamisi alasiri. Vizuri sana, nitathibitisha takwimu za ukoo kwa macho yangu. Bibi akauliza kama limebaki ninalotaka kulijua. Nikasema laiti ningemwona bila zile glavu na pedi zote, nipate kujua mwili wake hasa. Bibi akasema astaghfirullah, mambo kwa hatua.

Jumatano, 9 Julai

Nimeandika kutwa. Kurasa nne. Nimejitahidi kutompendelea. Mtafuta vipaji akipenda kupita kiasi hasomwi.

Nimesema kilo sabini na nane ni chache, aongezwe nyama na mayai. Nimesema goti la kushoto liangaliwe. Nimesema achukuliwe kwa msimu mmoja, atazamwe, akifaa aongezwe, asipofaa arudishwe kwao salama. Halafu mwishoni nimesema kweli: timu inapofungwa hutupa fimbo na kuondoka, naye hubaki kumwinua kipa. Wanaofunga watapatikana kila mahali. Mtu wa namna hii hapatikani.

Hapo nilitoka nje ya utaalamu kidogo. Nimeiacha.

Nikachapisha nakala mbili.

Alhamisi, 10 Julai

Asubuhi nilimpa kocha ripoti kwa mkono wangu. Sikusema neno, lakini mkono ulikuwa wangu. Akasema asante. Nikasema na yeye pia. Nikaondoka mbio.

Alasiri wakaja. Bi Aliya na mashangazi wawili, udi mpaka ngazini, halwa sinia zima, na kiboksi cha mahameli chekundu. Mama alinivalisha nguo ya Idi. Nikadhani ni heshima ya Finland.

Bi Aliya akanikalisha karibu naye, akanishika kidevu. Ana sauti ya upole.

"Niambie mwanangu, usione haya. Jaifar umempendea nini?"

Nilikuwa nimejitayarisha.

"Anarudi nyuma vizuri," nikasema.

Shangazi mmoja akauliza nyuma wapi.

"Popote. Na akiangushwa hapotezi nafasi yake."

"Nani kamwangusha mwanangu?" akauliza Bi Aliya.

Nikaona maneno hayatoshi. Nikaenda chumbani nikaleta nakala ya ripoti. Mambo ya kitaalamu yanataka maandishi. Shangazi mrefu, ambaye ni mwalimu, akaipokea na kuisoma kwa sauti. Urefu. Uzito. Meno. Walikuwa wakitingisha vichwa, wakisema huyu mtoto ana umakini. Mpaka alipofika ukurasa wa tatu.

"Achukuliwe kwa msimu mmoja," akasoma. Akainua macho. "Msimu mmoja?"

"Endelea," akasema Bi Aliya.

"Akifaa aongezwe. Asipofaa arudishwe kwao salama."

Sinia la halwa liliwekwa chini taratibu sana.

"Bi Muhsina," akasema Bi Aliya, "mimi nimeleta heshima, nimeleta pete, nimekubali kijana wangu akaishi Khoudh. Lakini mwanangu si friji, atumiwe halafu arudishwe dukani."

Pete? Bibi akanigeukia.

"Nawar. Nnakuuliza mbele ya wageni. Wewe unataka nini kwa huyu kijana?"

Watu watano wakinitazama. Kwa kawaida hapo huwa nakwenda kuangalia chai. Lakini nikafikiria yale matairi. Nikasema. Nilisema kila kitu kwa pumzi moja: hoki, Finland, beki, kocha, Septemba, mapigo kumi na moja, matatu kwa mguu. Nikasema anaweza kuwa mchezaji wa kulipwa na hakuna anayejua kwa sababu kazi yake ni kuzuia jambo lisitokee, na jambo lisilotokea halipigiwi makofi.

Mama akaweka uso ndani ya kanga. Bibi akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia. Hakuwa analia.

Bi Aliya hakucheka. Akasema Jaifar hakuwaambia habari ya Finland. Akasema tangu Jumatatu mtoto hali wala halali, anachana nywele mara tatu, naye alidhani ni furaha ya mambo mengine. Kisha akamnyang'anya shangazi karatasi, akasoma mwenyewe, kimya, ukurasa wa nne mara mbili.

"Humwinua kipa?" akauliza.

Nikasema kila mara. Kipa akiwa kaka yangu, mara nyingi zaidi.

Akasema miaka sita anafua zile soksi na hajawahi kwenda kumtazama. Akaikunja ripoti akaitia mkobani. Kiboksi nacho akakirudisha mkobani. Halwa akaiacha.

Jumamosi, 12 Julai

Kocha amechagua. Jaifar! Alisema video ya Anas ni nzuri lakini haimwambii kitu, ila ripoti yangu ina mpaka maradhi ya shangazi, na katika maisha yake hajaona uchunguzi wenye kina namna hiyo. Hadeel alisema hongera kama mtu anayemeza mfupa. Mtunza takwimu ni mimi.

Baba yake Jaifar ametia saini ya ruhusa. Yaarub anasema Bi Aliya alimsomea ukurasa wa nne wakati wa chakula, akamwambia hatii mkono kwenye sahani mpaka atie saini. Kisha mama huyo akaja mazoezini leo yeye mwenyewe, kwa mara ya kwanza, na kila Jaifar alipogongwa alisimama kutaka kuingia barafuni.

Utafiti umethibitika. Ukitaka kumjua mchezaji, anza kwa mama. Nimeshamwomba Bibi Jumatatu ampigie Bi Theodora, Mtanzania wa Al Amerat, ambaye kijana wake Noel ni kipa wetu namba moja. Bibi akauliza kama safari hii ni mpira wa barafu au ni mambo yenyewe. Nikasema ni mambo yenyewe kabisa, ya mustakbali. Akafunga macho, akaomba panadoli.

Jambo jingine dogo. Baada ya mazoezi Jaifar alimtuma Yaarub kwangu. Anauliza kama ile Alhamisi ilikuwa hoki tupu. Nikajibu ndiyo, tupu. Yaarub akaenda, akarudi. Anauliza basi kama akiwa Finland anaweza kuniandikia.

Hilo lilinifurahisha sana. Mchezaji anayetaka kufuatiliwa ana nia. Nikasema aniandikie kila Ijumaa bila kukosa. Yaarub akaanza kutabasamu, nikamwambia asubiri, nikatoa kwenye daftari fomu niliyoichora mwenyewe. Visanduku kumi na vinne. Cha kwanza ni uzito wa asubuhi, kabla ya chai.