Oili ya Turbo na Macho ya Baba Mkwe

Jumatatu, 9 Februari

Turbo limefungwa kwenye lori! Ustadh Dilbar, fundi wetu, kakaza bolti ya mwisho adhuhuri, akafuta mikono, akanivuta pembeni kama daktari mwenye habari mbaya. Akasema ile oili yangu nzito niisahau. Turbo linazunguka kasi mno, linanyweshwa kwa kimrija chembamba. Oili ikichelewa kufika, basi tena. Ninunue nyepesi, ile ya turbo. Nikaitikia kwa kichwa. Sikuamini hata neno. Kitu chepesi kama maji kitalindaje chuma? Hapa Dargai ukimpa mgeni mchuzi mwepesi unasemwa mwaka mzima.

Kuna jambo lakini. Lori ni la marehemu baba mkwe. Sura yake imechorwa nyuma, kilemba na macho yote mawili, kati ya tausi na maua. Mke wangu Zarmina alikubali turbo kwa sharti moja: injini ya baba yake ikifa mikononi mwangu, lori linakwenda kwa kaka yake, Shamroz. Miaka yote hii naitwa mkwe wa Haji. Bila lori sijui nitaitwa nani.

Jumanne, 10 Februari

Mkahawa wa madereva. Nimeuliza kila kitanda cha kamba walichokalia. Kila mtu na oili yake, kila mtu kaapa. Mwishoni Shamroz mwenyewe kaniinamia, sauti laini: "Shemeji, weka nyepesi. Mimi naitumia tangu mwaka jana, sijajuta."

Sauti laini! Shamroz! Mtu anayelimezea mate lori langu! Nimewaza njia nzima mpaka nimeelewa. Kala njama na Ustadh. Kwa hiyo nzito. Nimenunua nzito kuliko zote dukani. Muuzaji kaniuliza kama ni ya trekta.

Alhamisi, 12 Februari

Mpango: oili nzito ndani ya dumu la nyepesi. Nimeimimina kwenye injini mbele ya Zarmina, nikipiga mluzi. Nani angejua?

Nilisahau kwamba huyu ndiye aliyekuwa akimpa baba yake spana tangu hajaota meno ya pili. Kachomoa kijiti cha kupimia, kasugua oili kati ya vidole, kanusa. Kanitazama. Kasema "Haya," kaenda kukanda unga. Ushindi! Ila hiyo "haya" imenikaa kifuani hadi sasa.

Ijumaa, 13 Februari

Baada ya sala nimekaa barazani na wanaume mpaka alasiri, nikiwaeleza habari za turbo. Wawili walisinzia. Nimerudi, nimemkuta Zarmina kucha nyeusi tii. Kasema alikuwa anasugua masizi ya jiko. Maskini, anachapa kazi. Nimemwonea huruma, nimemwachia kipande kikubwa cha nyama.

Jumamosi, 14 Februari

Mlima wa Malakand! Mzigo wa machungwa ya Palai, lori limejaa mpaka juu, turbo linaimba. Kona ya tatu nimempita Shamroz. Nimempigia honi ndefu. Njia nzima hadi juu alitazamana na macho ya baba yake mwenyewe.

Kileleni madereva wamenizunguka. Oili gani? Nzito, nikasema, nzito! Nimewahutubia chai ikapoa. Shamroz kanywa yake taratibu, kasema tu, "Hongera, shemeji. Msalimie dada yangu." Hakukasirika. Nilitaka sana akasirike. Ushindi bila mtu wa kuumia una upweke wake.

Jumapili, 15 Februari

Zarmina kasema yote. Ijumaa, mimi nikiwa barazani, kaingia chini ya lori, kamwaga tope langu lote, kaweka nyepesi aliyoletewa na Shamroz.

Nikamuuliza kwa nini hakuacha injini ife, lori limrudie kaka yake. Kasema, "Halafu ungeshinda humu ndani kutwa unanitazama. Ningekupeleka wapi wewe?"

Angeweza kuniacha niaibike mbele ya Dargai nzima. Badala yake kalala chini ya lori, akachafuka, akafunga mdomo. Nampenda mwanamke huyu na sijui hata naanzaje kumwambia.

Nimetoka nje. Nimesimama nyuma ya lori, mimi na macho ya baba mkwe, nikafikiri kwa utulivu kuliko siku zote.

Na nimeelewa. Oili nzito ilikaa kwenye injini tangu Alhamisi hadi Ijumaa. Ilishapaka chuma chote! Nyepesi imekuta kazi imekwisha, ikachukua sifa.

Limebaki nusu dumu la nzito. Nikiiongeza juu ya nyepesi, zitasaidiana. Jumanne Zarmina anakwenda kumwona mama yake.