Videge vya Doña Eduvigis

Jumatatu, 3 Juni

Vidole vimeumuka kama donge la mkate. Mwanangu Amaro anataka kubebwa, siwezi. Analia yeye, nalia mimi. Mume wangu Nibaldo yuko mgodini kaskazini. Kwenye simu kasema nipumzike. Nipumzike!

Nesi aliniambia watafiti wanahisi baadhi ya bakteria wa tumboni huchangia ugonjwa huu wa viungo. Akasema pia hakuna uhakika bado, nisiache vidonge. Hayo yalinipita. Dawa nimeshaijua: videge! Yale madonge meupe yanayochachusha maziwa na kusafisha tumbo. Doña Eduvigis, bibi wa ghorofa ya chini, ana chupa nzima. Tatizo: videge haviuzwi, hutolewa zawadi. Na Valparaíso nzima inajua vya wizi hufa. Tatizo la pili: hatusalimiani tangu nguo zangu zilipomdondoshea maji paka wake.

Jumanne, 4 Juni

Mkakati: kumlainisha. Nimempelekea sopaipilla za moto, maandazi yetu ya maboga. Amekula zote, kisha akauliza kama kwangu chumvi imepigwa marufuku. Nikasifu videge vyake, jinsi vilivyonona. Akasema, "Vinapenda utulivu, mwanangu. Si nyumba ya kelele kama yako."

Kelele! Siku nzima sijasemeshwa na mtu ila Amaro, naye anajua maneno mawili, yote "hapana".

Jumatano, 5 Juni

Mkakati mpya: wizi usio wizi. Alipotoka kununua mkate nikachota kijiko kimoja kwenye chupa iliyo dirishani kwake, nikaacha yai. Tumebadilishana! Vidonge nimeacha, ili videge vipate nafasi tumboni.

Ijumaa, 7 Juni

Maziwa yananuka kama soksi za Nibaldo. Videge vimekufa. Nilitumia kijiko cha chuma! Hata watoto wa hapa wanajua chuma huviua.

Goti nalo limevimba. Asubuhi nilikaa sakafuni, nikashindwa kuinuka. Amaro akanivuta mkono weee. Nikamwimbia huko huko chini mpaka sauti ikakauka.

Mlango ukagongwa, ukafunguka. Doña Eduvigis, yai langu mkononi. "Kumbe kuku wako anatagia dirishani kwangu?" Akaniona. Akambeba Amaro, kisha akaninyanyua mimi. Halafu akaona kijiko ndani ya maziwa, akaanza: "Vidonge viko wapi? Meza nikuone! Mtu mzima, unaiba na kijiko cha chuma!"

Jumatano, 19 Juni

Nesi amenigombeza, nimekubali kila kitu. Nameza vidonge, uvimbe unapungua. Doña amenipa videge kwa mkono wake mwenyewe. Kila asubuhi hupanda kuvikagua, humvalisha Amaro viatu, hunisimulia habari za marehemu mumewe, ambaye nadhani alikufa ili apumzike. Huniuliza nimelalaje. Hakuna mwingine anayeniuliza.

Leo kasema nikipona atashukuru Mungu, hatapanda tena, magoti yake yamechoka na ngazi zangu.

Alhamisi, 20 Juni

Vidole vimefunguka! Nimemfunga Amaro viatu mwenyewe, kamba zote. Nikambeba, tukacheza jikoni.

Nikasikia anapanda, anahema. Nikamketisha Amaro haraka, nikafungua kamba zote, nikakunja vidole na kuanza kuguna.