Makalio Yaliyoelekea Tororo

Busia, upande wa Kenya
Jumatano, 12 Agosti 1964

Kwa Mheshimiwa Baba Mkwe, Mzee Oketcho,
Tororo, Uganda.

Baba,

Kwa unyenyekevu mkubwa, na kwa kalamu niliyoishika kwa vidole viwili tu kwa sababu utakazozisoma hapa chini, mimi mkweo Rasto Egesa, karani wa mihuri katika posta ya hapa Busia, nakuamkia wewe, Mama, na wazee watakaokaa Jumamosi kusikiliza kesi yangu. Nimeambiwa nisikanyage kwenu mpaka nitakaswe kwa kondoo dume mweupe. Sawa. Basi barua itakanyaga kwa niaba yangu. Nakuomba uwasomee wazee kwa sauti, kwa kuwa ulifanya kazi ya reli miaka kumi na saba na Kiswahili unakisoma bila miwani.

Wazee wasije wakasema sikukiri. Nakiri. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe mosi, ulikuja kututembelea ukanikuta mbele ya mlango wangu, viganja chini, nyayo chini, kiuno juu kama paa la banda. Makalio yangu yalielekea njia uliyojia. Najua kwamba mkwe kumwona mkwewe hivyo ni mwiko kwenu. Hata kwetu Samia ni mwiko, tena faini yetu ni kubwa kuliko yenu. Lakini kumshika Awor mkono na kuondoka naye saa ileile, hata chai haijachemka, kisha kutangaza Tororo nzima kwamba binti yako ameolewa na mwehu! Hapo umenionea, Baba, na malalamiko yangu ni haya.

1. Hukupiga hodi wala hukukohoa. Mtu mwenye heshima zake akikaribia kwa mkwewe huanza kukohoa tangu njia panda. Wewe ulinyamaza kama mtu wa kodi. Na kama kukohoa ni kazi, ungeandika barua kwamba unakuja. Mimi ndiye ningekuwa wa kwanza kujua, maana mimi ndiye ninayezigonga muhuri.

2. Ulitazama. Jirani yangu Okware, fundi wa baiskeli, ana saa ya mkononi, naye yuko tayari kuapa kwa Biblia kwamba ulisimama pale dakika nne. Dakika nne, Baba! Shingo ya binadamu hugeuka kwa nukta moja. Mimi nilikuwa nimefumba macho kama kijitabu kinavyoagiza, kwa hiyo kama kuna mtu aliyeona vya watu siku hiyo, si mimi. Na niliposikia viatu vyako nikafumbua macho, nikakuamkia palepale kupitia katikati ya miguu yangu, wewe uliitikia. Uliitikia vizuri kabisa, ukauliza na habari za kazi. Ndipo ukakumbuka kukasirika, ukapiga ukelele wa Kijopadhola ambao hata Okware, anayejua matusi ya makabila matano, alishindwa kunitafsiria.

3. Wazee watauliza nilikuwa natafuta nini huko chini. Nilikuwa nafanya yoga, elimu ya Wahindi ya kunyoosha viungo. Nimeisoma katika kijitabu chenye picha nilichokikuta dukani ndani ya rundo la karatasi za kufungia sukari. Mwenye duka alinipa bure. Nilikihitaji kwa sababu ya mikono yangu. Kwa siku nagonga barua mia sita, na kila barua ni mapigo mawili, la kwanza kwenye wino na la pili kwenye stempu. Fanyeni hesabu wenyewe. Vifundo vya mikono vimevimba. Kufunga kifungo ni kazi, kukamua shati ni kilio. Kijitabu kinasema mwenye mikono dhaifu aiegemee ili ipate nguvu. Huenda kinasema na mengine, lakini ukurasa wa kumi na moja haupo, ulikwisha kuondoka na sukari ya mtu. Basi nikaegemea. Siku ya kwanza niliona nyota mchana. Siku ya pili nilimwita mama yangu, ambaye alifariki zamani. Siku ya tisa, ndiyo hiyo uliyokuja, mikono iligoma kabisa: kunishusha haitaki, kuniinua haitaki. Sikukataa kusimama kwa heshima yako, Baba. Nilishindwa! Je, mtumishi aliyeumia akiitumikia Serikali huadhibiwa kwa namna alivyoumia? Tena kaptura niliyovaa ilikuwa ya kaki, ile ya kazini. Ulichokiona, kwa mujibu wa sheria, ni mali ya Serikali.

4. Kuna suala la mpaka. Uwanja wangu ni mdogo: kutoka mlangoni hadi kwenye mtaro ni hatua chache, na ng'ambo ya mtaro ni Uganda. Nimepima kwa kamba, Okware akashika ncha ya pili. Kichwa na viganja vilikuwa Kenya bila ubishi wowote. Visigino vilikuwa Uganda. Kiuno kilikuwa hewani, na hewa hiyo Okware anasema bado haijagawanywa. Sasa wazee wa Tororo wananihukumu kwa sheria ya nchi gani? Nikiwa mkarimu sana naweza kuwaachia kuanzia visigino hadi kwenye mkanda. Hiyo ni nusu ya mtu. Na ikiwa kosa ni la nusu mtu, imekuwaje mke akachukuliwa mzima?

Ongezeni hapo kwamba nilikuwa nimeelekea Nairobi, makao ya Serikali yangu. Mtu akiiheshimu Nairobi ni lazima upande wake wa pili uelekee Tororo. Sikuiumba ramani mimi.

5. Sikatai kuhukumiwa. Naomba tu wanihukumu watu wanaolijua jambo lenyewe. Kwa hiyo kabla ya hukumu kila mzee aweke viganja chini, ainue kiuno, akae hivyo mpaka wenzake wamalize kusema Baba Yetu, bila kukimbilia mwisho. Aanze Mzee Imalingat, kwa kuwa ndiye mwenyekiti na ndiye aliyesema nimerogwa. Atakayesimama mwenyewe bila kuvutwa, nitamletea kondoo wawili weupe, walionona. Atakayebaki huko chini atie sahihi akiwa hukohuko kwamba Rasto hana hatia. Kalamu nitatuma.

6. Awor. Leo ni siku ya kumi na moja. Ameondoka na leso mbili na viatu vya Jumapili, na humu ndani hamkaliki. Nakula kwa Okware, ambaye mkewe ameanza kuhesabu vijiko. Jioni nikirudi kutoka posta nakohoa tangu njia panda, halafu nakumbuka hakuna wa kunisikia. Namtaka mke wangu. Sijui namna ya kulisema jambo hili kwa Kiswahili cha ofisini, kwa hiyo nimelisema hivyo hivyo.

Lakini msidhani nitampata kwa kupiga magoti, maana magoti nayo huendana na viganja na tutarudi palepale. Yoga siachi. Siachi hata mkileta askari wa nchi zote mbili! Bila yoga sina mikono, bila mikono sina kazi, bila kazi barua za Busia zitalala bila muhuri, na taifa changa lisilopata barua zake litajengwa na nani? Mzee Imalingat na ajibu hilo mbele ya watu.

Naomba basi Awor arudishwe kabla jua la Jumamosi halijatua, kondoo asamehewe, na neno "mwehu" lifutwe hadharani mahali lilipotangazwa, yaani sokoni, kanisani, na kwenye lile basi la asubuhi.

Nawasalimu wote hapo nyumbani. Msalimu Mama sana. Msalimu shemeji yangu Acen na masomo yake. Wasalimu wazee wote mmoja mmoja, hata Imalingat. Na ambaye sikumtaja kwa jina asikasirike, karatasi ndiyo inayoisha.

Ni mimi mkweo, ambaye wakati wa kuandika haya amekaa kitako kwa adabu,

Rasto Egesa
Karani wa Mihuri

N.B. Baba, kuanzia hapa usisome kwa sauti. Kunja karatasi, waambie wazee imekwisha, usome peke yako.

Posta ya Busia haipati hata barua arobaini kwa siku. Kazi yangu kubwa pale ni kufukuza nzi.

Mikono inayouma ni ya Awor. Ilianza mwaka jana baada ya mavuno. Vifundo vinavimba, asubuhi nyingine hawezi kushika hata kikombe. Alinikataza nisiwaambie, kwa sababu anasema mwanamke wa kwenu asiyeweza kusaga wimbi la ugali ataitwa mvivu mpaka azeeke, na kwenye mashine ya sokoni hataki kwenda, kwamba watu watauliza. Basi mimi ndiye ninayesaga. Nafunga mlango, napiga magoti mbele ya jiwe la kusagia, naimba kwa sauti nyembamba ili wapita njia wadhani ni yeye. Mikono yangu inauma kweli, hilo sikudanganya, ila imeumizwa na jiwe. Na kijitabu nilikichukua kwa ajili yake.

Siku ile alikuwa ndani, katika hali ileile uliyonikuta nayo mimi nje. Mimi nilikuwa nimeziba mlango asije mtu akamwona. Naye akishainama vile, na mikono ile, kuinuka humchukua muda. Ningeweza kusimama, Baba. Nilisikia viatu vyako tangu ukiwa mbali. Lakini ningesimama ungesema tuingie ndani, na sijapata kuona mgeni anayeomba kuingia ndani huku akitazama makalio ya mwenye nyumba. Kwa hiyo niliyaacha juu mpaka niliposikia amekaa kwenye kigoda.

Kondoo nitaleta. Yoga mkisema niache, nitaacha. Mwehu niiteni tu, nimeshazoea.

Ila jana dereva wa basi aliniambia Mama amefurahi sana kupata msaidizi jikoni, na kwamba Awor anasaga kila asubuhi, yeye na Acen, tena kimya kimya. Hatawaambia. Namjua, atasaga mpaka mikono ife. Baba, sema umeota ndoto, sema lolote, lakini kamnyang'anye hilo jiwe leo.