Ufunguo wa Lambert Kabati

Jumanne, tarehe 12 Agosti 1958. Asubuhi ukungu ulilala juu ya mto Congo hata mtaa wa Lubunga, ng'ambo, haukuonekana, kisha manyunyu yakaanza.

Kwenye benchi la kahawa la mama Berthe, Lambert, karani, alikuwa amekaa na tai yake. Likizo yake ilikuwa imefika wiki ya pili, lakini shingo yake haikuwa na habari. Wenzake walimwita Kabati, maana ufunguo wa kabati la ofisi haukutoka mfukoni mwake. Mke wake, Adèle, alikuwa Isangi, mwendo wa mashua kutoka hapo, kwa wazazi wake, amejifungua mtoto wao wa kwanza. Baba alikuwa bado hajamwona.

Waziri, muuza vitambaa kutoka Maniema, waliyemwita Redio, alikunjua gazeti lililofungia makayabu, samaki wake wa chumvi.

"Sikieni! Munganga wa Ulaya anasema mutu wa kazi asafiri. Akiona pahali pengine, kichwa inapoa, anakumbuka yeye ni mutu."

"Iko kweli," alisema Wenceslas, mpakia mizigo wa uwanja wa ndege wa Simi-Simi, jina lake la benchi Avion, yaani Ndege. "Miye ndiye nabeba masanduku yao. Patron, ule muzungu mukubwa wa ofisi, anapanda na sura ya ndimu, anarudi na mashavu. Anakaa Ulaya miezi sita! Ofisi yake haijaanguka."

"Haianguki kwa sababu miye niko," Lambert alisema, akigusa mfuko.

"Eh, Kabati! Congo yote iko mu suruali yako?"

"Bila ufunguo hii hakuna karatasi, hakuna wino, hakuna tampon ya muhuri. Nikienda Isangi watanitafuta. Afazali nibakie karibu."

"Na batizo ya Jumapili?" Mama Berthe aliuliza, akimimina kahawa. "Nani atabeba mutoto? Kabati?"

"Alors, mama, nitapanda masuwa ingine."

"Mutoto atangoja. Wino haiwezi!" Redio alicheka mpaka makayabu yakaanguka chini.

Lambert alitazama kikombe. Kila usiku alimwomba Mungu amwonyeshe sura ya mtoto wake. Kila asubuhi alifunga tai.

Hapo Octave, planton, yaani tarishi wa ofisi yao, akatokea na baiskeli. Lambert akaruka, ufunguo tayari mkononi.

"Nilijua! Wamekutuma kwangu!"

"Kunituma wapi, papa? Naenda posta."

"Na kabati?"

"Ah, ile? Siku ulitoka, patron alivunja kufuli na nyundo. Sasa iko wazi, kila mutu anajichotea wino. Kazi inaenda mbio, papa, hatukujua!"

Benchi lilitikisika kwa kicheko. Avion aliupigia saluti ule ufunguo. Masikio ya Lambert yalichemka. Akasimama, akalegeza tai, akaivua kabisa.

"Mama Berthe, Redio, Avion, na weye Octave, mushuhudie. Kesho napanda masuwa ya Isangi. Jumapili nitabeba mutoto wangu mbele ya Mungu. Na ufunguo hii nitamupa yeye, achezee."