Naomba Nirudishiwe Kelele Zangu

Mama Mkuu wa Utumishi,

Shikamoo. Najua umri wetu hauachani sana, lakini anayeomba kitu kikubwa lazima ainame.

Mimi ndiye msimamizi wa chumba cha mitambo hapa kwenye kiwanda chetu cha uchapaji, yule wanayemwita Honi. Nilihudhuria semina yenu ya kutawala hisia. Nakiri nilifuata chakula. Nakiri pia kwamba mliposema kila mtu aandike jambo analolithamini maishani, niliandika "upole" kwa kuchungulia karatasi ya mhasibu. Sikujua mngenishika kwa neno hilo. Sasa naomba mafunzo yenu mniondolee, kwa sababu hizi:

1. Mlisema tuongee kwa sauti ya chini. Mama, mtambo wetu ukiwaka hata meno yanacheza. Nilimsogelea fundi wa kukata karatasi, nikamwuliza taratibu, "Unajisikiaje leo?" Hakusikia. Nikarudia. Mara ya tatu nikapaza sauti, "NIMESEMA UNAJISIKIAJE!" Akadhani kuna moto. Walikimbia wote mpaka barabarani.

2. Ikabidi niwe nazima mtambo ndiyo niulize. Nilidhani fundi atasema "salama" yaishe. Akavuta kiti! Alianza na mama mkwe wake, akashuka kwenye maumivu ya mgongo, na wenzake wakapanga foleni nyuma yake. Kadi za harusi za watu zilitoka maharusi wameshagombana na kupatana.

3. Heshima imekwisha. Zamani nikikohoa tu, watu wanashika kazi. Siku hizi nikikohoa wananiuliza, "Mzee, nini kinakusumbua moyoni?" Juzi dereva kanikumbatia. Dereva, Mama! Na mikono yake ya grisi.

4. Hili ndilo linaloniuma. Kelele za kazini nilikuwa narudi nazo nyumbani, mke wangu akachoka, akahamia kwa dada yake. Baada ya semina nikampigia simu, nikamwuliza anajisikiaje, nikanyamaza. Alinijibu! Kila jioni ananijibu. Mimi nina utetezi mzuri kabisa kwa kila kosa analonitajia, na wote nimeumeza, tumbo limejaa. Sasa anasema atakuja ajionee mwenyewe. Nikipaza sauti hata mara moja, ndiyo basi tena.

Mtu wa umri wangu hawezi kuishi hivyo. Kwa hiyo naomba kibali, chenye mhuri, cha kufoka saa za kazi, na nakala yake aonyeshwe mke wangu ili ajue ni agizo la kampuni.

Nisalimie mhasibu, mlinzi wa getini, na yule mwalimu wa semina mwenye sauti ya kubembeleza watoto.

Ni mimi, mtulivu wa kulazimishwa,
Honi

N.B. Ombi la hapo juu lichane. Mke wangu amefika hapa nyumbani sasa hivi, sanduku bado kalishika mkononi. Sijafoka. Kaniangalia, kaniuliza, "Na wewe je, unajisikiaje?" Mama, mlitufundisha kuuliza na kusikiliza tu. Hili la kujibu lilikuwa semina ya lini? Nijibu upesi, amesimama mlangoni.