Sikio la Nguruwe wa Kessinger

Jumatatu, 8 Septemba
Nimeamka na mbinu! Jumamosi ni Siku ya Waanzilishi, na jirani yangu Bibi Opal Kessinger atakalia tena kiti cha mbele cha gari la farasi kwenye maandamano, akipunga mkono kama malkia. Mwaka wa thelathini huu! Eti wazee wake ndio waliotangulia kufika wilaya hii ya Indiana. Nani kasema? Yeye. Nimeibana kamati ya sherehe. Wamekubali: nikileta karatasi ya mahakama yenye jina la babu yangu wa kale, ya kabla ya mirathi ya kina Kessinger ya 1821, hati yao ya zamani kuliko zote, kiti ni changu. Mke wangu Marlys ameuliza paa linalovuja nitaliziba lini. Hana jicho la historia, maskini.

Jumanne, 9 Septemba
Chumba cha kumbukumbu, chini ya mahakama. Vumbi tupu. Nimeupigia chafya wosia wa watu. Karani, Trudy, kasema nikipiga ya pili atanitoa nje. Lakini nimepata mirathi ya babu Ezra Haddix! Sufuria moja ya chuma, shoka lisilo na mpini, nguruwe kumi na tisa. Kumi na tisa! Kumbe tulikuwa matajiri. Tatizo ni mwaka: 1834.

Jumatano, 10 Septemba
Nimempata! Ezra Haddix, kitabu cha kesi, Oktoba 1819! Mwandiko kama kuku kaparua, nikasoma mstari wa kwanza tu. Trudy kanisihi nisome hadi chini. Ya nini? Nakala yenye muhuri imefika kwa kamati kabla ya chakula cha mchana. Kisha nikapita kwa Opal, makusudi kabisa, kumshauri achue magoti, maana Jumamosi atatembea kwa miguu. Akasema haya mwanangu, kaa ule pai kwanza. Nimekula vipande viwili. Uadui ni uadui, pai ni pai.

Alhamisi, 11 Septemba
Balaa! Kamati wamesoma hadi chini. Babu alishtakiwa kwa wizi wa nguruwe. Enzi hizo nguruwe walizurura msituni, na kila familia ilisajili mahakamani namna yake ya kuwachanja masikio, iwe alama ya mwenye mali. Kessinger: chale moja, sikio la kushoto. Babu yangu: sikio la kushoto kukatwa lote. Lote! Kwa hiyo kila nguruwe aliyekutana na kisu cha babu alitoka pale Haddix kamili. Na mlalamikaji? Jacob Kessinger, “mkazi wa hapa tangu 1817.” Nimemwongezea Opal miaka minne kwa mkono wangu mwenyewe! Mchimba kisima huingia mwenyewe. Opal kapiga simu kunishukuru, akacheka hadi akakohoa. Marlys kacheka zaidi.

Ijumaa, 12 Septemba
Afadhali! Ukurasa wa pili: kesi ilifutwa. Nguruwe, ushahidi pekee, alikuwa ameshaliwa na wazee wa baraza. Babu hakuwa mwizi, hakuna aliyethibitisha. Nimemwambia Opal. Kasema sawa, basi njoo upande gari letu kesho, bila Haddix halinogi.

Jumamosi, 13 Septemba
Nilipanda. Kiti cha nyuma kabisa, nimepakata nguruwe mwenye utepe shingoni. Nilinuna hadi kona ya kanisa. Kisha watu wakaanza kushangilia, mimi na nguruwe kuliko Opal! Nikapunga. Raha iliyoje! Jioni Opal kaleta pai nzima, tumekula wote barazani. Mama wa watu, kumbe ana roho nzuri. Nimeridhika. Sitaki ushindani tena maishani.

Jumatatu, 15 Septemba
Mvua imetuingilia jikoni, nimetega ndoo. Nikapita mahakamani kusalimia tu. Haddix mwingine! 1816! Mstari wa kwanza mtamu ajabu. Nakala iko kwa kamati tayari. Trudy kanifuata hadi ngazini akipiga kelele nisome hadi chini.

Nitasoma nikipata nafasi.